Chungu Kinachotoka Jasho

"Mjomba, mbuyu wangu niupande kwenye chungu kipi?"

Swali zuri hilo, mwanangu! Wengi hununua chungu kwanza, mti wakautafuta baadaye. Wewe una mche mkononi, sasa unautafutia nyumba. Hivyo ndivyo.

Mti unaokuzwa mdogo chunguni miaka na miaka, ukipunguzwa matawi na mizizi, Wajapani huuita bonsai. Si mti wa aina nyingine. Mbuyu wako ni ndugu wa ile mikubwa tunayoiona huku kwetu Mocímboa da Praia.

Njoo hapa uani. Asubuhi nilivijaza udongo vyungu viwili, nikavimwagilia. Hiki cha kahawia kimefinyangwa na mama wa Kimakonde kutoka nyanda za juu za Mueda, kwa mikono, bila gurudumu. Kile cha buluu kinang'aa. Anza na cha kahawia. Gusa uone.

"Mjomba, kina unyevu! Kinavuja?"

Hakivuji. Tukiulize chenyewe.

"Mimi nina vitundu vidogo, jicho lako haliwezi kuviona," chasema chungu. "Maji hupenya polepole mpaka nje. Upepo wa kusi ukipita, unayachukua, nayo yanaondoka na joto. Wewe ukicheza mpira ukatoka jasho, upepo ukakupuliza, hupoi? Nami vivyo hivyo. Ndiyo maana maji ya mtungini ni baridi hata saa saba mchana."

Umesikia? Na udongo wake hukauka upesi. Mbuyu unapenda hivyo, maana maji yake huyaweka shinani. Kiangazi hupukutisha majani ukalala. Ukilala huku mizizi imelowa siku nyingi, unaoza.

Sasa cha buluu. Gusa uone.

"Kikavu! Kinateleza."

Kilipakwa uji wa mawe yaliyosagwa, kikaingia tanurini. Moto ukauyeyusha ule uji, ukawa kioo. Kioo hakina vitundu, kwa hiyo maji hayatoki ubavuni. Mkuyu, mti wa kando ya mito, ungekaa humo vizuri.

"Mbona yule mama hapaki kioo?"

Ah, ningekupa embe kwa swali hilo! Yeye huchoma kwa kuni, mahali pa wazi. Moto huo mara nyingi hufika nyuzi 600 hadi 900. Vyungu vigumu vya kung'aa vya China vilitaka tanuri la nyuzi 1,200 na zaidi. Vilikuja pwani yetu kwa majahazi, na magae yake yameokotwa Kilwa. Kunduchi, jijini Dar es Salaam, watu walivipenda hata wakapachika bakuli za China kwenye nguzo za makaburi.

Huko Japani, misonobari hupewa vyungu vya kahawia, miti ya maua hupewa vya rangi. Ndani huachwa bila kioo. Lakini usidhani kila chungu kisicho na kioo hutoka jasho. Vile vya mji wa Tokoname huchomwa kwa moto mkali hata vitundu vikazibana. Basi ukitaka kujua, dondosha tone la maji ubavuni. Likinywewa, chungu kinapumua. Likiteremka, hakipumui.

"Mjomba, hiki cha buluu maji yamesimama juu. Hayashuki."

Macho hayo! Kiinue, tazama chini.

"Hakina tundu!"

Basi humo hatupandi kitu, hata mkuyu. Mizizi hupumua hewa iliyomo udongoni. Maji yakikosa njia ya kushuka, hewa inafukuzwa, mizizi inaoza. Nitakipeleka kwa fundi akitoboe. Wewe lete mbuyu wako, tuupande kwenye hiki cha kahawia.