Maneno ya Utabibu wa Meno ya Farasi na Punda

Makusudi ya makala haya ni kueleza kwa ufupi utunzaji wa meno ya farasi na punda, na kupima maneno ya Kiswahili yafaayo kutumiwa katika kazi hiyo. Huenda msomaji akauliza: jambo hili lamhusu nini mtu wa lugha? Jibu ni kwamba mnyama hawezi kutaja jino limuumalo. Mengi ayajuayo daktari wa mifugo kabla ya kufungua kinywa cha mnyama huyapata katika maneno ya mwenye mnyama. Na neno likiwa na maana moja kwa msemaji na nyingine kwa msikilizaji, atakayeumia ni mnyama.

Katika mwambao wa Tanga, Pangani na Saadani farasi ni wachache, kwa kuwa mbung'o huwaambukiza maradhi yanayowaua upesi. Punda huyastahimili zaidi kidogo, na ndiye achukuaye maji na mizigo, hasa pande za bara kama Handeni na Kilindi. Lakini kwa umbo la kinywa wanyama hawa wawili ni ndugu, na yasemwayo hapa juu ya mmoja yamfaa mwenziwe.

Kwanza tutazame asili ya maneno yenyewe. Farasi, lijamu na hatamu ni maneno yaliyotoka katika Kiarabu, nayo yalikuja pamoja na ufundi wa kupanda mnyama. Jino, gego, taya na pengo ni ya Kibantu. Yalihusu kinywa cha mtu kabla ya kupelekwa katika kinywa cha farasi, nayo hubeba maana za huko yalikotoka. Maneno manne yatatosha kuonyesha hatari iliyomo.

La kwanza ni kuota. Jino la mtu likiisha kuota, kazi yake ya kutokeza imekwisha. Jino la farasi ni refu mno, na sehemu yake kubwa imefichwa ndani ya taya. Kadiri linavyosagika kwa majani, ndivyo litokezavyo, kiasi cha milimita 2 au 3 kwa mwaka. Baada ya miaka ya mwanzo halirefuki tena. Hutumia akiba yake, na mnyama akikaribia miaka 25 au 30 akiba hiyo huisha. Tukisema kwamba jino la farasi "huota kila mwaka", msikilizaji atadhani kwamba kila likatwalo litarudi. Heri tuseme huchomoza.

La pili ni kuchonga. Taya la juu la wanyama hawa ni pana kuliko la chini, kwa hiyo magego hayakutani sawasawa. Pale pasiposagika huachwa ncha kali: katika magego ya juu ncha hizo huwa upande wa shavu, na katika ya chini upande wa ulimi. Mnyama alishwaye pumba badala ya majani magumu hutafuna kidogo, na ncha zake huzidi. Tabibu humpa dawa ya kutuliza, humtia kifaa cha kukiweka wazi kinywa, kisha huziondoa ncha kwa tupa yenye mpini mrefu. Je, kazi hii tuiite nini? Tukisema kuchonga meno, tumesema kinyume, maana kwa watu wengi wa Afrika Mashariki waliokuwa na desturi hiyo, kuchonga meno ni kuyatia ncha. Kupiga tupa nako kuna shaka: katika nchi ya mkonge, zao lililoletwa mwaka 1893, tupa ni chombo cha kunolea panga. Kupiga msasa kwaashiria ulaini, na gego la farasi likilainishwa kabisa haliwezi kusaga. Tena likikwanguliwa kupita kiasi, kiini chake chenye uhai hudhurika. Napendekeza kusawazisha kwa tupa, kwa sababu hutaja chombo pamoja na makusudi yake.

La tatu ni pengo. Kati ya meno ya mbele na magego ya farasi pana nafasi tupu, na humo ndimo lijamu hukaa. Wako watakaoiita pengo. Lakini pengo ni mahali palipong'oka jino, na nafasi hii ameumbwa nayo. Jina lake ni mwanya, kama mwanya wa meno ya mbele ya mtu, ambao husifiwa kuwa uzuri. Tofauti hii si ya mapambo. Gego likitoka, lile lililolielekea halina tena la kusagana nalo; huendelea kuchomoza mpaka likaingia katika pengo na kuumiza ufizi. Basi mwanya ni afya, na pengo ni jambo la kuangaliwa maisha yote. Watu husema dawa ya jino bovu ni kung'oa. Kwa farasi dawa hiyo huanzisha kazi nyingine.

La nne, nalo ni zito kuliko yote, ni kucheua. Punda mwenye meno mabaya hutafuna kwa shida, kisha huangusha matonge ya majani yasiyosagika. Mfugaji aliyezoea ng'ombe na mbuzi aweza kusema kwamba punda wake anacheua. Kwa ng'ombe hiyo ni habari ya uzima. Lakini farasi na punda hawacheui kamwe. Mwenye mnyama aliyeridhika na neno hilo hatamwita daktari, na punda atakonda mbele ya majani tele. Yafaa kusema anatema matafuno, na kulifundisha neno hilo kuwa dalili ya ugonjwa.

Mnamo Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubali kuzuia kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa biashara ya ngozi, kwa kuwa wanyama hao walikuwa wakipungua. Aliye na punda leo anahitaji adumu, na kinywa kikaguliwe walau mara moja kwa mwaka. Kuhusu istilahi, Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, laweza kuzisanifu, na vyuo kama kile cha mifugo cha Buhuri, Tanga, vyaweza kuzifundisha. Lakini kabla ya kusanifiwa, kila neno lipelekwe kwanza kwa mwenye punda, aulizwe amelielewaje. Akijibu kinyume, kosa si lake. Neno ndilo la kubadilishwa.