Vijana wa Hawaii Waliochelewa Kushukuriwa

Katika mwaka wa 1935 Serikali ya Marekani ilianza kupeleka vijana wa Hawaii wakakae Howland, Baker na Jarvis, visiwa vitupu vya Bahari ya Pasifiki, ili vihesabiwe kuwa milki yake. Jumla yao ilizidi 130. Kazi yao ilikuwa kupima hali ya hewa. Maji ya kunywa yaliletwa kwa meli. Tarehe 8 Desemba, 1941, ndege za Wajapani zilishambulia Howland, wakauawa Joseph Keliʻihananui na Richard Whaley. Wenzao waliondolewa mapema mwaka wa 1942. Kwa kuwa hawakuwa askari, utumishi wao ulisahauliwa. Baraza la Seneti liliwatolea shukrani rasmi mwaka wa 2015, wengi wakiwa wamekwisha kufa.