Ngozi ya Punje na Uji wa Mtoto

Leo shika punje ya mahindi uitazame. Ngozi yake ina nta nyembamba, inayosaidia kuzuia kuvu. Ukiyapiga mahindi kwa fimbo guniani, au fukusi wakiyatoboa, ngozi hupasuka. Kuvu huingia na kutoa sumu ya aflatoksini, inayoharibu ini. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya jirani, sumu hiyo iliua watu 125. Kuipika hakuiondoi, mama, hata uji uchemke saa nzima. Pukuchua kwa mkono, anika juu ya turubai mpaka yakauke kabisa. Kabla ya kusaga, toa punje zilizopasuka na zenye kuvu. Najua kutupa chakula kunauma, lakini hata kuku usiwape.