Nyani wa Mara na Hiari ya Binadamu

Januari 1974, katika msitu wa Gombe kando ya Ziwa Tanganyika, mtafiti msaidizi Hilali Matama alishuhudia jambo ambalo sayansi haikuwahi kulirekodi. Sokwe wanane wa kundi la Kasakela walinyemelea kusini wakamkuta Godi, dume wa kundi la Kahama, akila peke yake mtini. Aliruka chini akimbie, wakamdaka. Mmoja alimgandamiza ardhini huku wenzake wakimtwanga na kumng'ata kwa takriban dakika kumi. Godi hakuonekana tena. Kufikia 1978, madume wote wa Kahama walikuwa wameuawa au wametoweka.

Walioua waliwahi kuishi kundi moja na waliouawa. Jane Goodall, aliyeanza utafiti wake Gombe mwaka 1960, alikiri kwamba hadi wakati huo aliwadhania sokwe kuwa waungwana kuliko sisi.

Tangu hapo swali halijatulia. Ikiwa jamaa zetu wa damu wanavamiana hivi, mtu anayemkata jirani yake panga ana hiari kiasi gani? Mwaka 1986 wanasayansi waliokutana Seville, Hispania, walitoa tamko kwamba si sahihi kisayansi kudai tumerithi vita kutoka kwa wanyama. Maneno mazuri, ila tamko si ushahidi. Uchambuzi wa mwaka 2014 uliohusu jamii 18 za sokwe ulihesabu mauaji 152, mengine yaliyoonekana kwa macho, mengine ya kukisia. Kwa bonobo wa Kongo, walio karibu nasi sawasawa na sokwe, lilipatikana tukio moja tu, nalo la kushukiwa. Kwa hiyo kila mbishani hujichagulia ndugu anayemfaa.

Kisa cha Masai Mara kinafundisha zaidi. Robert Sapolsky, mtaalamu wa neva wa Chuo Kikuu cha Stanford, alikuwa akifuatilia kundi la nyani lililolala msituni karibu na loji ya watalii. Asubuhi madume wagomvi walikwenda jalala la loji kupigania makombo na nyani wa kundi jirani. Wapole walibaki nyuma wakichambuana manyoya. Mapema miaka ya 1980, nyama yenye kifua kikuu cha ng'ombe ikatupwa jalalani. Waliozoea kwenda huko wakafa, karibu nusu ya madume wazima wa kundi.

Waliosalia hawakugeuka malaika. Nyani ni nyani. Waliendelea kugombana, lakini zaidi na wa hadhi yao. Tabia ya kumalizia hasira kwa majike na wanyonge ikapungua. Madume wa chini hawakuwa tena na kiwango kikubwa cha homoni za msongo.

Ajabu ilikuja baadaye. Dume wa nyani akibalehe huhamia kundi jingine, hivyo ilipofika 1993 hakuna dume hata mmoja wa enzi za ugonjwa aliyebaki. Wote walikuwa wageni, waliokulia kwenye makundi ya ngumi na meno. Desturi ilikuwa ileile. Majike waliwachambua manyoya wageni ndani ya wiki tatu hivi, wakati kwingineko mgeni husubiri zaidi ya miezi miwili. Anayepokewa hivyo hana sababu ya kuingia kwa vurugu.

Lakini hakuna nyani aliyeamua amani. Iliamuliwa na nyama mbovu. Pengine ndiyo maana Sapolsky, katika kitabu chake Determined cha mwaka 2023, anashikilia kwamba hata binadamu hana hiari: kila tendo lina mzizi wake katika homoni, malezi na jeni.

Hapo anazidisha. Binadamu anaweza kukaa kikao akabadilisha jalala lenyewe. Mwaka 1979 bunge la Sweden lilikuwa la kwanza duniani kupiga marufuku kumchapa mtoto, hata nyumbani. Miaka ya 1960 zaidi ya nusu ya Waswidi waliunga mkono fimbo. Katikati ya miaka ya 1990 ni kama mmoja kati ya kumi tu. Jeni zao hazikubadilika. Kenya ilifuata kwa Katiba ya 2010. Tanzania bado inaruhusu fimbo shuleni: kanuni za 2002 zinataka viboko visizidi vinne, mkuu wa shule aidhinishe, na kila adhabu iandikwe kitabuni, pamoja na kosa, idadi ya viboko na jina la aliyechapa.