Fleti ya ghorofani Kariakoo: unanunua nyumba au unanunua hewa?

Na Mwandishi Wetu

UKISHUKA kwenye basi la Rusumo, Kabanga au Tunduma na kuingia Kariakoo alfajiri, shingo ndiyo inayochoka kwanza. Mitaa ni ileile, Kongo, Msimbazi, Uhuru na Mchikichi, lakini mtu aliyeiacha miaka 20 iliyopita hawezi tena kuitambua. Pale palipokuwa na nyumba ya Kiswahili, vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma, leo pamesimama ghorofa nane, kumi au zaidi. Chini ni fremu za maduka, katikati ni stoo za mizigo, juu ni fleti zenye vioo na vibaraza.

Wengi wa wanaozitazama fleti hizo kwa jicho la matamanio ni wafanyabiashara wetu wanaovuka mpaka kila mwezi kufuata vitenge, viatu, vifaa vya simu na vipuri. Wengine ni ndugu zetu waliorejea baada ya miaka mingi ughaibuni au ukimbizini, wenye akiba yao mfukoni na hamu ya kuiweka mahali isipoliwa na mchwa.

Swali wanaloulizana ni moja: je, mtu anaweza kununua fleti pale mjini, akafunga mlango wake na kulala usingizi?

Jibu ni kwamba inawezekana kwa baadhi yao, na kwa wengine haiwezekani kabisa, hata dalali akiapa mara ngapi. Makala haya yanaeleza tofauti hiyo.

Kwa nini Kariakoo inavuta watu

Jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza cha wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Jengo la soko kuu, lililochorwa na msanifu Mtanzania Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, likaungua Julai 2021 na kufanyiwa ukarabati mkubwa. Kuzunguka soko hilo ndiko maghorofa yalikoota, hasa kuanzia miaka ya 2000.

Mabasi ya mwendokasi yalianza mwaka 2016 na yanapita hapohapo. Treni ya umeme ya kwenda Morogoro na Dodoma ilianza kubeba abiria mwaka 2024, na kituo chake cha Dar es Salaam hakiko mbali na Gerezani. Mwaka 2025 ikazinduliwa biashara ya saa 24. Anayeishi ghorofani pale anaweza kushuka usiku, akafunga mzigo wake na kurudi kulala bila kupanda teksi.

Tufanye hesabu ndogo. Mfanyabiashara anayekuja mara mbili kwa mwezi na kukaa siku tano kila safari, kwa mwaka analipia gesti siku 120. Hiyo ni miezi minne mizima. Ndiyo maana wengine huchanga watatu au wanne wakapanga fleti moja kwa mwaka, na baada ya muda huanza kujiuliza kwa nini wasinunue kabisa.

Raha ina bei yake

Fleti za kifahari, hasa zile za Upanga na Posta, hujinadi kwa lifti mbili, jenereta, kisima na matenki ya maji, kamera, walinzi, maegesho ya chini, ukumbi wa mazoezi na hata bwawa la kuogelea juu ya paa. Za Kariakoo kwenyewe huwa na machache zaidi, lakini lifti na jenereta ndizo zinazotajwa kwanza.

Usione vyaelea, vimeundwa. Jenereta linakunywa mafuta, lifti inahitaji fundi, mlinzi anataka mshahara. Fedha hizo hutoka kwenye ada ya huduma ambayo kila mkazi hulipa kila mwezi juu ya kodi au bei aliyonunulia. Anayesahau kuiuliza ada hiyo siku ya kwanza huikumbuka siku lifti imekufa naye yuko ghorofa ya tisa na marobota mawili mlangoni.

Kwa hiyo kabla ya kupenda vigae na rangi ya ukuta, uliza mambo haya. Ada ni kiasi gani, nani anaikusanya, na mara ya mwisho ilipandishwa lini? Lifti inatengenezwa na nani? Jenereta linawasha jengo zima au taa za ngazi tu? Kisha panda ngazi kwa miguu yako, ukutane na wapangaji wawili watatu. Watakueleza mengi ambayo dalali hayasemi.

Hati ndiyo nyumba

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Tanzania ina Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008. Kabla ya sheria hiyo, kiwanja kilikuwa na hati moja na jengo lote lilifuata hati hiyo. Sasa mwenye jengo anaweza kusajili ramani inayoligawa jengo katika sehemu, na kila sehemu ikapata hati yake. Ngazi, lifti, paa, korido na maegesho hubaki mali ya pamoja, na wamiliki wa sehemu zote huunda chama chao cha kusimamia mali hiyo na kuchanga gharama.

Mwenye hati ya namna hiyo ana nyumba. Anaweza kuiuza, kuirithisha na kuiweka rehani benki.

Lakini maghorofa mengi ya Kariakoo yalijengwa kwa ubia. Familia yenye kiwanja, mara nyingi cha urithi, haikuwa na mtaji. Akaja mwekezaji, wakaandikiana mkataba: yeye ajenge, achukue ghorofa kadhaa au akusanye kodi kwa miaka kadhaa, kisha jengo lirudi kwa familia. Hati ya kiwanja ikabaki kwa jina la marehemu babu au la msimamizi wa mirathi.

Sasa mwekezaji huyo akikuuzia fleti kwa karatasi ya mkataba na muhuri wa wakili, umenunua nini? Umenunua kile alichonacho yeye, wala si zaidi. Kama ana miaka 15 ya kukusanya kodi, hawezi kukuuzia umiliki wa kudumu. Siku warithi watakapokuja, utakuwa na funguo mkononi bila kuwa na haki ya nyumba.

Wanaofanya biashara ya fremu wanakijua kilemba, ile fedha ya kupewa mlango wa duka. Kilemba kinakuingiza ndani ya fremu lakini hakikupi umiliki. Baadhi ya fleti zinazoitwa za kuuza ni kilemba kilichovaa suti.

Dawa yake ni upekuzi. Chukua namba ya hati, nenda kwa Msajili wa Hati au mtume wakili unayemlipa wewe mwenyewe, si wa muuzaji. Upekuzi utaonyesha mmiliki ni nani, kama kiwanja kina rehani ya benki, na kama kuna zuio limewekwa na mtu anayedai. Kama muuzaji ana mke au mume na nyumba ni ya familia, ridhaa ya mwenza wake itakiwe kwa maandishi. Kama ni mali ya mirathi, ona barua ya mahakama inayomtambua msimamizi. Tazama pia muda uliobaki katika hati ya kiwanja, maana hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na fleti haiwezi kuishi kuliko ardhi iliyo chini yake.

Mgeni na ardhi ya Tanzania

Wafanyabiashara wengi wanaamini kwamba kwa kuwa nchi zetu zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, wanaweza kununua nyumba popote. Sivyo. Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010 inasema wazi kwamba masuala ya upatikanaji na matumizi ya ardhi yataongozwa na sera na sheria za kila nchi.

Na sheria ya Tanzania Bara ni kali. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake. Asiye raia hapewi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa. Fleti ya kulala unapokuja kufuata mzigo si uwekezaji wa namna hiyo. Zanzibar ina sheria zake za ardhi, kwa hiyo usichukue habari ya Unguja ukaipeleka Kariakoo.

Wengine hutafuta njia ya mkato: wanaandikisha fleti kwa jina la rafiki, shemeji au mke wa Kitanzania. Kwa sheria, mwenye jina ndiye mwenye mali. Mkigombana, au akifariki na ndugu zake wakaja, utaanza kueleza mahakamani kwa nini uliificha. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lenye jina la mwingine si lako.

Kwa waliorejea, jambo linategemea pasipoti. Mtanzania aliyebaki raia ananunua kama raia yeyote, hata kama ameishi London miaka 30. Aliyechukua uraia wa nchi nyingine alikuwa akihesabiwa kama mgeni, kwa kuwa Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa watu wazima. Mwaka 2025 sheria zilirekebishwa ili kuanzisha hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania walio raia wa nchi nyingine, na marekebisho hayo yaligusa pia Sheria ya Ardhi. Anayehusika aanzie Idara ya Uhamiaji kuulizia hadhi hiyo kabla ya kumlipa mtu yeyote hata shilingi.

Kupanga hakuna shida hiyo. Mgeni mwenye kibali halali anaweza kupanga kwa mkataba wa maandishi. Mwenye nyumba wa Kariakoo kwa kawaida hutaka kodi ya miezi sita au mwaka mzima mkononi. Akikudai kwa dola, mkumbushe kwamba kanuni zilizotolewa Machi 2025 zinakataza kutoza bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi.

Jingine: amri ya Julai 2025 iliwazuia wasio raia kufanya biashara 15, zikiwamo nyingi za rejareja na jumla pamoja na udalali wa majengo. Kununua mzigo na kuusafirisha kwenu hakukuzuiwa, lakini fleti uliyopanga isigeuzwe duka la siri.

Tazama na chini

Machi 29, 2013, jengo refu lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024, jengo lingine liliporomoka Kariakoo penyewe, watu wasiopungua 29 wakafa, wengi wao wakiwa kazini au wakinunua bidhaa. Taarifa za siku zile zilisema kulikuwa na ujenzi ukiendelea sehemu ya chini ya jengo.

Kwa hiyo unapotazama fleti ya ghorofa ya nane, shuka hadi chini kabisa. Kuna mtu anachimba ili kuongeza fremu? Kuna nguzo imekatwa? Nyufa zimepakwa rangi mpya? Omba kuona kibali cha ujenzi, kisha simama upande wa pili wa barabara uhesabu ghorofa kwa kidole. Kama kibali kinasema sita na wewe umehesabu tisa, ondoka. Bei rahisi haitakufaa ukiwa chini ya kifusi.

Na kwa majirani?

Si Tanzania pekee yenye sheria ya namna hii. Uganda ilipitisha ya kwake mwaka 2001, Rwanda mwaka 2010, na Kenya, iliyokuwa na sheria tangu 1987, iliifuta na kuleta mpya mwaka 2020. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamruhusu mgeni kukodisha ardhi kwa muda usiozidi miaka 99, basi fleti ya Nairobi yenye hati ya muda huo inaweza kuwa halali kwa mtu ambaye Dar es Salaam angekataliwa. Anayetaka kuweka akiba ghorofani apime miji yote, pamoja na wa kwao mwenyewe, ambako sheria inamtambua kuwa mwenye nchi.

Mfanyabiashara wa mpakani hanunui robota bila kulifungua. Analikata kamba, anatoa nguo ya juu, anachokonoa ya katikati, anavuta ya chini. Fleti ni robota kubwa kuliko yote atakayonunua maishani. Alifungue kwanza.