KUSINYAA KWA UBONGO NA MARADHI YA KUSAHAU

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanafahamishwa kwamba mzee anayesahau aliloambiwa asubuhi, ilhali anasimulia barabara mambo ya mwaka 1964, si mkaidi wala hajifanyi. Huenda ana maradhi ya kusahau ambayo madaktari huyaita demensia, na yaliyoenea zaidi miongoni mwake ni maradhi ya Alzheimer.

Ndani ya ubongo, usawa wa kila sikio, imo sehemu ndogo iitwayo hipokampasi. Kazi yake ni kupokea jambo jipya na kulitayarisha lipate kuhifadhiwa. Umuhimu wake ulidhihirika nchini Marekani mwaka 1953, pale Henry Molaison, aliyesumbuliwa na kifafa, alipopasuliwa na kuondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi zote mbili. Utoto wake aliukumbuka. Lakini hadi alipofariki mwaka 2008, wataalamu waliomchunguza kwa miaka mingi walilazimika kujitambulisha kwake upya kila walipokutana.

Katika maradhi ya Alzheimer, protini ziitwazo amiloidi na tau hulundikana ubongoni, seli hufa, na ubongo husinyaa. Hipokampasi ni miongoni mwa sehemu zinazotangulia kuathirika. Kwa mzee mwenye afya hupungua takriban asilimia 1 hadi 2 kwa mwaka. Kwa mgonjwa, asilimia 3 hadi 5. Ndiyo sababu la jana hupotea kabla ya la utotoni, ambalo limekwisha kuhifadhiwa katika sehemu nyengine za ubongo.

Hata hivyo, kila ubongo hupungua uzeeni, na kusinyaa pekee hakuthibitishi maradhi. Tena kuna kusahau kunakotokana na upungufu wa vitamini B12, hitilafu ya tezi ya shingoni au huzuni ya muda mrefu, na huko hutibika. Kwa hiyo mzee apelekwe hospitali kwanza, kabla ya jamaa kumtafutia mchawi.

Mtumishi anayehudumia wazee wa Pensheni Jamii, iliyoanza mwaka 2016 kwa waliofikia umri wa miaka 70, anaombwa azingatie hayo. Mzee akirejea kudai fedha alizokwisha kupokea, asishutumiwe kwa udanganyifu mbele ya watu. Aoneshwe kwa upole kumbukumbu ya malipo yake, na jamaa yake aitwe.