Jinsi jeni zinazohama zinavyotegemea protini za mwenyeji

TETRASAIKLINI inaposhindwa kumtibu mgonjwa, huenda kosa si la dawa wala la daktari. Yamkini ndani ya bakteria mna kipande cha DNA kilichotoka kwingine, kikajipachika katika kromosomu na kuleta maelekezo ya kuunda pampu inayoitema dawa nje ya seli.

Kipande hicho huitwa transposoni, yaani jeni zinazohama. Mmarekani Barbara McClintock ndiye aliyegundua uhamaji huo katika miaka ya 1940, alipochunguza mabaka ya rangi kwenye punje za mahindi. Wanasayansi wengi hawakumwelewa, na Tuzo ya Nobel aliipata mwaka wa 1983 akiwa na umri wa miaka 81.

Transposoni iitwayo Tn10 yatosha kuwa mfano. Ilitambuliwa katika plasmidi R100, kiduara cha DNA kilichopatikana nchini Japan katika miaka ya 1950 ndani ya bakteria wanaosababisha kuhara damu. Plasmidi huvuka kutoka kwa bakteria mmoja hadi mwingine, nayo Tn10 husafiri ndani yake kama abiria.

Tn10 ina takriban herufi 9,000 za DNA, na miongoni mwa jeni zake imo ya kutengeneza transposasi, kimeng'enya kinachoikata kutoka mahali ilipo na kuipachika kwingine. Kisu hicho ni chake yenyewe. Kazi nyingi zilizosalia huwaachia wenyeji.

Kwanza, ncha zake mbili sharti zikutanishwe, ilhali DNA ni uzi mgumu usiopindika kwa urahisi. Hapa huingia protini ya bakteria ijulikanayo kama IHF. Howard Nash na wenzake nchini Marekani waliipata katika miaka ya 1970 walipokuwa wakichunguza jinsi kirusi lambda kinavyojipachika katika kromosomu ya bakteria E. koli. IHF huikamata DNA na kuikunja kwa zaidi ya nyuzi 160, karibu iangalie ilikotoka. Tn10 huitumia protini iyo hiyo.

Pili, baada ya kupachikwa, Tn10 huacha pengo la herufi 9 kila upande. Haina fundi wa kuyaziba. Polimerasi na ligasi za bakteria, ambazo kila siku hunakili na kukarabati DNA ya seli, ndizo zinazomaliza kazi. Mwizi amebomoa ukuta, mwenye nyumba anauziba mwizi akiwa ndani!

Ajabu ni kwamba bakteria hawezi kuitupa IHF bila hasara. Protini hiyo hudhibiti jeni zake nyingi. Isitoshe, mwaka wa 2016 ilibainika kuwa kinga ya E. koli iitwayo CRISPR huihitaji ili kuweka kumbukumbu ya wavamizi mahali panapofaa.

Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone, na penye tetrasaiklini ndivyo ilivyo hasa: bakteria asiye na mgeni hushindwa kuzaana, aliye naye huzaana.

Je, utegemezi huu waweza kugeuzwa silaha? Dawa ya kuzuia polimerasi ya bakteria ingekomesha uhamaji, lakini ingemwua bakteria mwenyewe pia. Ingekuwa antibiotiki nyingine tu, na bakteria wangeanza kuizoea kama walivyoizoea tetrasaiklini.